Boksi la Friji Lililohamia Kaloleni

Vijana wa ukoo wetu wanaotaka kuhamia Arusha hunipigia simu na kuniuliza swali moja: chumba ni bei gani. Nikiwajibu kwamba sijui, wanashangaa, maana wanajua kwamba kazi yangu yote ilikuwa kuhamisha vyombo vya watu katika mji huu huu. Ni kweli. Nimeingia katika vyumba vya Kaloleni na vya Ngarenaro, na katika nyumba za Njiro zenye vyumba ambavyo wenyewe hawakumbuki ni vya nini. Bei sikuwahi kuuliza. Aliyeniita alikuwa ameshalipa, na kama alikuwa amepunjwa, kumwambia wakati kabati liko mgongoni mwangu kusingemsaidia yeye wala kabati.

Lakini mbeba vyombo anaona jambo ambalo dalali halioni. Dalali humwona mtu anapoingia. Mimi nilimwona anapoingia, na wengi niliwaona wanapotoka, kwa nauli ile ile. Kwa hiyo mnisamehe nikiwajibu kwa urefu. Mgongo umenistaafisha kabla ya umri, na sasa nina muda.

Tuanze na maji, kwa sababu hakuna anayeanza nayo. Maji ya upande huu wa Mlima Meru yanapendeza machoni. Ni ya baridi, ni maangavu, na baadhi yake yana madini yanayotia meno ya watoto rangi ya chai ya rangi. Mgeni huonyeshwa bomba, hulifungua, huona maji yanatoka, hufurahi na kulipa. Mimi nawashauri msitazame bomba. Tazameni meno ya watoto waliokulia katika nyumba hiyo. Mchekesheni mmoja. Akicheka meupe, endeleeni. Akicheka kahawia, ulizeni maji yanatoka chanzo gani, na kama mna nia ya kuzaa hapo, ulizeni mara mbili. Baba mmoja niliyempa ushauri huu alikaa kwenye kibaraza cha mwenye nyumba akimsimulia mtoto wa nyumba hiyo vichekesho, kimoja baada ya kingine. Mtoto alikuwa mgumu. Mwishowe aliyecheka ni mwenye nyumba mwenyewe, naye meno yake yalikuwa ya bandia.

Kiwanja kitazameni wakati wa masika. Nilikuwa na mteja aliyenunua kiwanja pembeni ya Njiro wakati wa kiangazi. Kilikuwa tambarare, kirefu, chembamba, na juu yake kilikuwa na mchanga mweupe laini. Alijipongeza kwamba hatanunua mchanga wa kujengea. Hakujiuliza nani aliuleta pale. Masika yalipofika, maji yaliyouleta yalirudi kuuangalia, na mimi nikaitwa kwenda kuchukua makochi. Makochi yaliyolowa yana uzito mara tatu. Nauli haikuwa mara tatu, kwa sababu mwenye makochi alikuwa amesimama juu ya meza.

Hayo yote hata mtu asiyebeba mizigo angeweza kuwaambia. Ninalotaka kuwaambia mimi nilifundishwa na Mzee Hamisi, nami nililielewa kwa kuchelewa, kwa sababu ya kijana mmoja na friji yake.

Mzee Hamisi alikuwa mtu wa Kondoa. Alikuwa mpakiaji katika shirika moja la malori ya umma mpaka shirika lilipopunguza watu. Wenzake walifungua maduka ya nguo za mitumba. Yeye alinunua pikapu iliyochoka na kunichukua mimi niwe upande wa pili wa kila kitu, kwa sababu kitanda kina pande mbili. Alinifundisha kuinama kwa magoti. Alinifundisha kwamba kamba ya katani ikilowa hukaza na kamba ya nailoni ikilowa huteleza, na kwamba watu wamependa nailoni kwa sababu ina rangi. Alinifundisha kwamba aliyebeba kitu kizito haongei, kwa sababu pumzi anayoongelea ndiyo anayobebea. Hilo la mwisho nililisikia, lakini nilikuwa kijana, na kijana akisikia neno si lazima alishike.

Jambo jingine alilonifundisha ni la kupakia. Kinachopakiwa mwisho hushuka kwanza, na kinachoshuka kwanza ndicho majirani watakachokuitia. Kaloleni ya wakati ule, kushusha vyombo kulikuwa mkutano wa hadhara. Nyumba moja ina vyumba tisa vinavyozunguka uani, na kila mlango una mtu. Kikitangulia kinu, wewe ni yule wa kinu. Likitangulia godoro lenye madoa, Mungu akusaidie. Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yamejaa ghafla bidhaa ambazo jana tulikuwa tukizisikia tu, na watu walikuwa wameanza kupakia kwa mpango. Redio ya kaseti juu, masufuria chini. Sisi tulipakia walivyotaka.

Siku moja tulikwenda Olmotonyi kumhamisha kijana aliyeitwa Loserian. Baba yake alikuwa mpishi katika chuo cha misitu, na yeye alikuwa amepata kazi ya ofisini katika moja ya kampuni za kupeleka watalii porini zilizokuwa zikifunguliwa mjini kila kukicha. Kutoka Olmotonyi hadi mjini si mbali, angeweza kwenda na kurudi. Lakini alisema mtu anayewapokea wageni hawezi kufika kazini na tope la mlimani kwenye viatu. Sababu hiyo ilikuwa nzuri. Nimehamisha watu kwa sababu mbaya zaidi.

Vyombo vyake vilikuwa kitanda, godoro, meza, viti viwili, jiko la mafuta ya taa, ndoo, na boksi la friji. Boksi lilikuwa jipya, lina picha ya friji pande zote nne, na limefungwa kwa gundi ya karatasi kila mahali pa kufungika. Mzee Hamisi alilifuata kwanza, maana kizito hupangiwa nafasi kabla ya vyepesi. Akainama kwa magoti, akalikumbatia, akashusha pumzi, akanyanyua. Boksi likapanda kama kofia.

Alisimama hivyo kidogo, friji kifuani. Akamtazama Loserian. Loserian alikuwa anautazama mlima. Siku hiyo mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu mpaka chini, lakini aliutazama kwa makini sana.

Mzee Hamisi akaliteremsha taratibu.

"Anaeli," akaniita, "njoo tushike wawili. Hii nzito."

Tukalishika wawili. Loserian akatuelekeza liwe la mwisho kupakiwa, kisha akapanda nyuma kulishikilia ili upepo usilichukue. Mimi nilikaa mbele na Mzee Hamisi, nikacheka mpaka tukafika lami.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Mzee, mle ndani hamna kitu."

"Mna blanketi na majani makavu ya mgrevilea. Nimesikia yakichakacha."

"Sasa kwa nini tulibeba wawili?"

"Mzigo una uzito anaousema mwenyewe," akasema. "Sisi kazi yetu kubeba. Kupima ni kazi ya mizani."

Tulipofika Kaloleni boksi likashuka kwanza, nasi tukalipitisha uani kwa hatua fupi. Mtu mmoja akasema, "Ee, friji," na milango iliyokuwa nusu ikafunguka yote. Katika mlango uliopakana na chumba cha Loserian alikaa bibi mmoja juu ya kigoda akichambua mchele kwenye ungo. Aliitwa Bi Mwanaidi. Alimtazama kijana kuanzia viatu mpaka boksi, akasema, "Karibu, baba. Karibu na baridi yako."

Kijiwe chetu cha kuegesha pikapu kilikuwa karibu na uwanja wa mpira, kwa hiyo habari za nyumba ile zilitufikia kabla hazijapoa. Habari ya kwanza ilihusu umeme. Sasa kila mpangaji ana mita yake na hununua umeme wake kimyakimya. Wakati ule nyumba nzima ilikuwa na mita moja, na ankara ikija, wapangaji walikaa uani wakaigawa kwa vitu. Taa fungu moja, redio fungu moja, pasi mafungu mawili. Aliyesimamia ugawaji alikuwa fundi cherehani mmoja, Baba Salma, ambaye cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, jambo lililomfanya awe mkali sana juu ya matumizi ya umeme. Friji ilikuwa haijawahi kutokea katika nyumba ile. Walijadiliana, wakaipa mafungu matano.

Loserian akalipa. Angefanyaje? Watoto wa uani walipomwomba barafu, aliwaambia friji yake ni ya aina isiyogandisha. Hakuwa amesema uongo. Ulipoanza mgao wa umeme na mji mzima ukawa unalalamika, yeye peke yake alionekana akipiga mluzi.

Mngeishia hapo mngesema ni kichekesho cha kijana mwenye majivuno, nami nisingewachosha nacho. Lakini mwezi ule ule Bi Mwanaidi aligonga mlango wake. Maneno haya alitusimulia Loserian mwenyewe baadaye, ameketi kwenye bodi la pikapu yetu, kichwa chini.

"Baba," bibi alimwambia, "mimi nina sukari. Najichoma sindano asubuhi na jioni. Dawa yake haitaki joto. Mimi naiweka kwenye mtungi wenye mchanga mbichi, na nesi anasema si haba, ila joto likizidi inaharibika, na ikiharibika haisemi. Mwaka jana nilijichoma dawa iliyokufa, nikaanguka hapo uani, wakaniokota. Sasa Mungu ametuletea friji ukuta mmoja. Utaniwekea?"

Tukamuuliza kwa nini hakumwambia friji ni mbovu.

"Ina wiki moja tu toka dukani," akasema. "Itakuwaje mbovu?"

"Basi ungemwambia ukweli."

"Alikuwa ameshanikabidhi, mzee. Ameifunga kwenye leso."

Aliichukua leso ile, akasubiri bibi aingie ndani kwake, akatoka nayo mbio kwenda kwenye grosari ya Mama Aneth mtaa wa pili, kwa kuwa pale palikuwa na friji ya bia. Mama Aneth akaiweka dawa kati ya bia na soda. Kuanzia siku hiyo Loserian alikwenda pale kila asubuhi kabla ya kazi, na kila jioni baada ya kazi, akiwa na chupa ya chai. Ndani ya chupa aliweka barafu, na katika barafu aliweka dawa. Alimpelekea bibi, alimsubiri ajichome, kisha aliirudisha. Siku za mgao, friji ya Mama Aneth nayo ikiwa imezimwa, alitafuta barafu mpaka soko kuu.

Sasa jiwekeni katika nafasi ya majirani. Kijana wa Kilutheri, mwimbaji wa besi, anaonekana saa kumi na mbili asubuhi akiingia grosari na chupa ya chai, na jioni tena, na chupa ile ile. Walihesabu walichokiona wakapata jibu moja. Mzee wa kanisa akaja kumwombea. Kwaya ikamwomba apumzike kidogo. Yeye aliinamisha kichwa, akaitikia amina, na asubuhi yake akaenda grosari. Alikuwa amejikuta mlevi mwenye friji, kwa kuogopa kuwa mtu mwenye kiasi asiye na friji. Jina la friji alilitafuta mwenyewe. La ulevi alipewa kama nyongeza.

Mzee Hamisi hakumcheka hata siku moja. Mimi nilicheka kwa niaba yetu wote wawili.

Mambo yakaenda hivyo mpaka karibu mwaka uishe, ndipo akaja kijiweni mchana mmoja, amenyooka kama aliyefanya uamuzi.

"Shikamoo, mzee. Nina friji ya kuhamisha."

"Marahaba. Kutoka wapi?"

"Njiro. Kuna mzungu amemaliza mkataba, anauza vitu. Nimeuza mtamba wangu, nimenunua."

"Kwenda wapi?"

"Kwangu."

Mzee Hamisi akajikuna kidevu. "Kwako si ipo?"

"Ipo," akasema Loserian, na macho yakaanza kuutafuta mlima. "Mzee, wewe uliibeba."

"Niliibeba. Nzito ile. Mpaka leo kiuno hakijasahau."

Sababu ya haraka ilikuwa ndoa. Mchumba wake, Neema, alikuwa mwalimu, na harusi ilikuwa mwezi uliofuata. Neema alikuwa amesikia habari mbili kutoka Kaloleni: kwamba mchumba wake ana friji na kwamba mchumba wake anakunywa. "Ya kunywa atanisamehe," Loserian alituambia. "Lakini ya friji ataifungua."

Tatizo la kitaalamu lilikuwa hili. Tulitakiwa kuingiza friji katika nyumba ambamo friji hiyo imekuwa ikilipiwa umeme kwa miezi. Isingeweza kuonekana ikiingia kabla haijaonekana ikitoka. Tukakubaliana kwamba tutaitoa kwenda kwa fundi, ndani ya boksi lake, kwa uzito wake. Saa mbili baadaye tutaileta nyingine, ndani ya boksi lile lile, imepona. Mimi nikapendekeza tuvizie wakati uani hapana watu. Tukautafuta wakati huo kwenye vidole, hatukuupata. Ijumaa adhuhuri wanaume wa Kiislamu wako msikitini, lakini Wakristo wapo. Jumapili Wakristo wako kanisani, lakini Waislamu wapo. Nyumba ya Kaloleni haikuwa na saa isiyo na macho.

"Jumamosi saa nne," akaamua Mzee Hamisi. "Watu wote wawepo. Kinachovizia ndicho kinachotazamwa."

Jumamosi saa nne tulikuwa ndani ya chumba cha Loserian. Boksi lilikuwa limesimama kwenye kona, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake kulikuwa na maua ya plastiki. Mzee Hamisi akashika upande wa chini, mimi wa juu. Tukatoka kwa hatua za nusu nusu, yeye akihema, mishipa ya shingo imemtoka. Sijaona mtu akibeba kitu chepesi kwa ufundi kama ule. Kwa upande wangu nilikunja uso vizuri, nikapinda magoti vizuri. Tukapita mbele ya Baba Salma aliyekuwa akikanyaga cherehani yake mlangoni. Tukamfikia Bi Mwanaidi, kigoda kile kile, ungo ule ule.

"Shikamoo, bibi," nikasema. Nililelewa hivyo.

"Marahaba," akasema Bi Mwanaidi, akaacha kuchambua. "Mnaipeleka wapi?"

"Kwa fundi, bibi," akajibu Loserian kutoka nyuma. "Imekufa."

"Poleni. Basi ngojeni. Dawa yangu imo humo."

Tukasimama.

"Nimeshaitoa, bibi," akasema Loserian.

"Umefanya vizuri. Nipe, niiweke kwenye mtungi."

Dawa ilikuwa grosari, kati ya bia na soda. "Iko mahali pa baridi," akasema Loserian.

"Kuna mahali pa baridi kuliko friji?" Akainuka, akakung'uta pumba kwenye kanga. "Tueni chini jamani, mtaumia. Tueni."

Hatukuwa na namna. Tukalitua, Mzee Hamisi akiguna mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Bi Mwanaidi alikuja polepole, magoti yakimsumbua, akaweka mkono juu ya boksi ili ajiegemeze. Karatasi ikaingia ndani. Mkono wake ukazama mpaka kwenye kifundo, na majani ya mgrevilea yakachakacha.

Cherehani ya Baba Salma ikanyamaza.

Nilimtazama Loserian. Nilidhani nitaona uso wa mtu anayengoja kuchekwa. Haukuwa huo. Alikuwa anamtazama bibi peke yake.

"Bibi, dawa haijaharibika," akasema. "Naapa. Haijawahi kulala nje ya baridi hata siku moja. Usije ukaogopa sindano ulizojichoma."

"Najua," akasema Bi Mwanaidi. "Ingeharibika ningekuwa nimeshaanguka."

Akautoa mkono wake taratibu, akautazama, akaupangusa.

"Ukuta wetu ni mmoja, baba. Friji huvuma. Nimefanya kazi kwa Wahindi, nazijua. Ya kwako ilikuwa na adabu kupita kiasi. Wiki ya pili nikajua haipo."

"Wiki ya pili? Sasa mbona uliendelea kunipa dawa?"

"Kila asubuhi ilirudi baridi. Mara ya kwanza nilikupa kwa kudhani unayo friji. Zilizofuata nilikupa kwa sababu uliirudisha. Mtu anatoka alfajiri kunitafutia baridi mtaani, anaitwa mlevi kwa ajili yangu, mimi nimtafutie aibu?" Kisha akanigeukia mimi. "Ila wewe, baba, ujifunze kazi. Marehemu mume wangu alikuwa kuli stesheni. Aliyebeba friji haamkii watu na haitikii salamu. Anaguna."

Mzee Hamisi alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau.

Baba Salma naye alikuwa amefika, futi ya kupimia ingali shingoni. Loserian akamgeukia kama mtu anayeamka.

"Baba Salma. Mafungu matano kila mwezi."

"Ulilipa vizuri," akasema Baba Salma. "Nyumba haina malalamiko."

"Na ninyi pia mlijua?"

"Tujue vipi? Kuna aliyeingia chumbani kwako? Mtu mzima amesema ana friji, tumwite mwongo mbele ya majirani? Hatukulelewa hivyo."

Nyumba nzima ikacheka, na Loserian akacheka mwisho wa wote, akiwa ameketi chini, mgongo wake ukiegemea boksi, likizidi kubonyea.

Tukaenda Njiro tukaileta friji ya mzungu. Ilikuwa nzito kweli, na hakuna aliyetusifu, kwa sababu sasa walijua tunavyoweza kuigiza. Kitu cha kwanza kuwekwa ndani kilikuwa leso ya Bi Mwanaidi. Mafungu yalibaki matano. Siku ya pili yake bibi alimsimamisha Loserian uani, macho mekundu. "Baba," akamwambia, "hii inavuma mpaka alfajiri. Ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi."

Kwa hiyo mkiniuliza mtazame nini kabla ya kuhamia mji unaokua, nawajibu hivi: bei mtaambiwa, maji mtayajua kwa meno, kiwanja mtakijua kwa mvua. Ukuta ndio hakuna atakayewaambia. Ulizeni ni nani yuko upande wa pili. Hao ndio watakaojua mlichonacho na msichonacho kufikia wiki ya pili, na maisha yenu yatategemea wanafanya nini na habari hiyo. Na mkifika, kumbukeni kwamba mji utawatoza kwa mnachosema mnacho. Ukisema mzigo ni mzito, utaubeba hivyo hivyo.

Miaka mingi baadaye Loserian aliniita nimhamishe kwenda Njiro. Alikuwa amejenga. Mzee Hamisi na Bi Mwanaidi wote walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, na pikapu ilikuwa yangu. Nilikwisha kwenda kuitazama nyumba mpya: nzuri, ina geti la chuma, na ukuta uliosimikwa chupa zilizovunjika juu, hatua nyingi kutoka nyumba yoyote. Loserian alikuwa ameizunguka mara mbili, akaniuliza, kama utani, "Anaeli, huku friji yangu atailalamikia nani?"

Tulipomaliza kupakia kule Kaloleni, Neema akatoka ndani akiburuta boksi kuukuu, picha za friji zimefifia, gundi imepauka. "Na hili," akasema. "Amenikataza nisilichome." Upande wa juu kulikuwa na tundu lenye ukubwa wa kiganja cha mwanamke mzee.

Loserian alikuwa amesimama karibu na mlango uliokuwa wa Bi Mwanaidi. Alikuwa anautazama mlima, na siku hiyo ulionekana vizuri.

Nikainama kwa magoti, nikalishika boksi. Likaanza kupanda kama kofia. Nikalirudisha chini, nikamwita mwenzangu.

"Juma, njoo tushike wawili. Hii nzito."

Juma akanitazama, akaja. Tukalipitisha uani kwa hatua fupi, tukipumzika pale kigoda kilipokuwa. Watoto wa wapangaji wapya walikuwa wamejipanga ukutani wakitazama, watoto wenye adabu nzuri, wakaniamkia wote kwa pamoja.

Nikaguna.